Roboti ya nyumbani: kabla hujauliza bei, muulizie fundi

Tangu watu wajue kwamba kwenye shughuli yangu ya usafi wa ofisi na nyumba za kupangisha hapa Dar natumia mashine mbili tatu zinazojiendesha, swali limekuwa lilelile: roboti zenye akili mnemba, zile zenye mikono na miguu, tutaanza kuzinunua lini? Wapo walioona video ya mashine ikikunja shati na sasa wanataka kujua kama waanze kudunduliza.

Jibu langu ni kwamba roboti za kazi moja zimeshafika zamani. Hiyo ya kukupikia, kufua na kubembeleza mtoto, mimi siiweki kwenye bajeti ya miaka hii mitano, na sishauri mtu aiweke.

Roomba, mashine ya duara inayofyonza vumbi, iliingia sokoni Marekani mwaka 2002. Amazon iliinunua Kiva Systems mwaka 2012 kwa dola milioni 775 ili ipate roboti za maghala, na katikati ya 2025 ikatangaza kwamba imefikisha roboti milioni moja. Hapa jirani, Rwanda imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa ndege za Zipline zisizo na rubani tangu 2016, na Nairobi, mtaa wa Kileleshwa, kuna mgahawa ambao roboti zinapeleka chakula hadi mezani. Ukiziangalia vizuri utaona kila moja ina kazi moja tu, na nyingi zimetengenezewa njia. Kule ghalani, roboti za Kiva zilikuwa zikisoma alama zilizobandikwa sakafuni, na watu wakakatazwa kukatiza.

Nyumbani nani atabandika alama? Asubuhi kiti kiko hapa, jioni kiko kule, mtoto kaacha kandambili mlangoni, ndoo iko katikati ya korido kwa sababu maji yametoka saa kumi usiku. Halafu kuna mkono. Programu zinazoandika na kujibu maswali zilijifunza kwa kusoma maandishi mengi mno yaliyokuwa tayari kwenye intaneti. Kile ambacho vidole vinahisi wakati wa kushika yai au kukamua kanga iliyolowa hakijaandikwa popote. Inabidi kikusanywe upya, na ukusanyaji wenyewe ndio umeanza.

Ndiyo maana ukisoma matangazo inabidi uende hadi maandishi madogo ya chini. Oktoba 2025 kampuni ya 1X ilianza kupokea oda za roboti yake ya nyumbani, NEO, kwa dola 20,000, au dola 499 kwa mwezi ukitaka kukodi, wateja wa kwanza wakiwa wa Marekani. Kazi ambayo roboti haijaijua, mtu wa kampuni anaiendesha kutoka mbali, akiona kupitia kamera zake. Maana yake unalipa zaidi ya shilingi milioni moja kila mwezi ili mgeni usiyemjua aone jikoni kwako. (Dada wengi wa kazi hapa mjini hawapati hata robo ya hela hiyo, lakini hilo nitalijadili siku nyingine.) Hata roboti za Tesla zilizogawa vinywaji kwenye hafla ya California mwaka 2024, zilisaidiwa na watu waliokuwa nyuma ya pazia. Na kama unaona mambo ya kamera ni hofu za wazee, mwaka 2022 ilifichuka kwamba picha zilizopigwa na roboti za majaribio za kufagia, mojawapo ya mwanamke akiwa chooni, zilivuja mitandaoni kupitia vibarua waliolipwa kuzichambua.

Bei zinashuka, sikatai. Unitree ya China ilitangaza roboti yake yenye umbo la mtu, G1, kwa dola 16,000 mwaka 2024, na mwaka uliofuata ikaja na R1 chini ya dola 6,000. Zinatembea, zinacheza, zinarusha ngumi. Vyombo haziko tayari kuosha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kwangu mimi, roboti imefika mjini siku fundi wa mtaani anapoweza kuifungua na kupata spea yake bila kusubiri mzigo kutoka nje.

Chukua mashine yetu inayofyonza vumbi kwenye jengo moja lenye saluni chini. Vumbi haliisumbui. Kinachoiua ni nywele za kusukia. Mama anayeisimamia anaipindua, anachomoa brashi, anakata nywele kwa wembe kwa urefu wote, halafu anang'oa kile kifuniko kidogo cha pembeni. Humo ndani ndimo nywele hujibana hadi plastiki inaanza kuyeyuka kwa msuguano. Anafanya hivyohivyo kwa gurudumu la mbele. Mwisho anafuta vile vipande viwili vya chuma vya kuchajia kwa kitambaa kikavu, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani inavitia utando na mashine inakaa kwenye chaja usiku kucha bila kupokea kitu. Kazi yote hiyo haikuandikwa kwenye boksi. Brashi ilipokwisha, muuzaji aliyetuuzia akasema hana, na hajui zitakuja lini. Mashine ya laki kadhaa ikalala stoo kwa kukosa kipande cha plastiki.

Kwa hiyo unapokwenda dukani, kabla ya bei, taja spea kwa majina: brashi kuu, brashi ya pembeni, kichujio, betri, gurudumu. Waambie wakuonyeshe, si wakuahidi. Wakikosa, achana nayo hata kama ina akili kiasi gani.

Jambo la pili ni seva, yaani kompyuta za kampuni ambazo mashine huzitegemea kupitia intaneti. Uliza: intaneti ikikatika, au kampuni ikifungwa, inaendelea kufanya kazi kwa kubonyeza kitufe? Amazon iliuza Astro, roboti yake ya ulinzi, kwa wafanyabiashara mwishoni mwa 2023, na Septemba 2024 roboti hizo zikazimwa zote, ingawa wateja walirudishiwa hela. Desemba 2024 kampuni iliyotengeneza Moxie, roboti rafiki wa watoto, ikatangaza kwamba inafunga, na wazazi wakabaki kutafuta namna ya kuwaeleza watoto. Hata iRobot, wenye Roomba, Desemba 2025 walikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi, na kampuni ikakubali kuchukuliwa na kiwanda cha Kichina kilichokuwa kikiitengenezea.

Kwa biashara ndogo ushauri wangu ni huu: kama una korido ndefu za vigae, ghala, au ukumbi unaosafishwa kila usiku, mashine ya kazi moja inalipa hata leo. Ikodi kwanza kama kuna anayekodisha. Ukiona zulia lenye mashada, vizingiti virefu au sakafu inayomwagiwa maji, baki na watu wako na uwanunulie mopu nzuri. Na usimfukuze mtu kwa sababu umeleta mashine. Yule mwenye wembe utamhitaji kuliko mwanzo.

Kwa nyumbani, wengi wanaletewa na ndugu. Ikitoka Marekani, geuza kituo cha kuchajia usome pameandikwa nini. Kule umeme ni volti 120, hapa ni 230, na vile vituo vikubwa vinavyofyonza uchafu wenyewe mara nyingi haviwezi zaidi ya 120. Ukichomeka, utasikia mlio mmoja tu. Zile za soko la ndani la China nazo nyingine hukataa kuungana na programu ya simu ukiwa nje ya China. Dubai na Muscat umeme wao unafanana na wetu, kwa hiyo ndugu akiwa huko ni nafuu. Mwambie alete brashi mbili za akiba, vichujio na betri moja. Betri hiyo ya akiba aiweke kwenye begi la mkononi, kwa sababu ikiwa nje ya mashine hairuhusiwi kwenye mizigo inayoingia chini ya ndege, na wakiikuta uwanjani wataitoa.