Siku niliyofuta kondoo wa Mwalimu

Kabla sijafunga kibanda changu cha kuingiza nyimbo kwenye flashi, karibu na soko la Majengo hapa Dodoma, nilikuwa na tabia moja mbaya. Wimbo nilikuwa naupa sekunde ishirini. Ukishindwa kunishika ndani ya hizo sekunde, naufuta, maana kompyuta ilikuwa ya kizamani na nafasi ilikuwa finyu. (Ndiyo, habari za hakimiliki nazijua. Ndiyo maana nimesema kibanda nilikifunga.)

Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu anayekaa Kikuyu hapahapa mjini, aliniachia diski yake nimhamishie nyimbo. Katikati ya zilipendwa za Mbaraka Mwinshehe na kwaya za pasaka kulikuwa na folda yenye picha ya mzungu amemshika kondoo dume pembe zote mbili. Nikafungua wimbo wa kwanza. Gitaa, halafu mtu anavuta sauti nyembamba huko juu. Sekunde ishirini zikaisha. Nikafuta folda nzima, kwenye kompyuta na kwenye diski yake, kwa kidole kilekile.

Jioni akaja.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kondoo wangu yuko wapi?"

Nikaanza kujieleza, mara virusi, mara umeme ulikatika. Alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyesahau daftari nyumbani kwa wiki ya tatu. "Kijana wangu, hukumsikiliza hata akamaliza kulia, umeshamchinja." Adhabu aliyonipa ni kuitafuta ile albamu kwa bando langu mwenyewe, kisha niisikilize mara tano, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka wimbo. Angekuja kuniuliza maswali. Na kweli alikuja.

Albamu yenyewe inaitwa Ram, yaani huyohuyo kondoo dume, ya Paul McCartney, aliyekuwa wa bendi ya Beatles ya Uingereza, na mkewe Linda, iliyotoka Mei 1971. Picha ya jalada aliipiga Linda shambani kwao Scotland. Nyimbo ni 12, kama dakika 43 hivi. Nilipoanza kusoma habari zake nilifarijika kidogo, kwa sababu wakati ule wakubwa wa uandishi wa muziki waliifanyia nilichoifanyia mimi. Jarida la Rolling Stone la Marekani liliandika kwamba hapo ndipo muziki wa roki wa miaka ya sitini ulipofikia chini kabisa katika kuoza kwake. Ringo Starr, aliyekuwa mpiga ngoma wa Beatles, alisema haoni hata wimbo mmoja wa maana humo. John Lennon, naye wa Beatles, ndiye aliyevuka mipaka: ndani ya albamu yake ya mwaka huohuo aliweka picha yake mwenyewe ameshika nguruwe masikio, kumkejeli mwenzake na kondoo wake.

Ushauri wangu unaanzia hapa. Ukikuta kazi imepondwa na kila mtu, kabla ya kuisikiliza uliza kwanza: hawa watu walikuwa wamekasirikia nini? Mara nyingi si muziki. Aprili 1970 McCartney alitangaza kwamba yuko nje ya Beatles, na siku ya mwisho ya mwaka huo akafungua kesi London dhidi ya wenzake watatu ili ushirika wao uvunjwe. Miezi mitano baadaye anatoka na kondoo, na mke anayeitikia nyuma. Watu walikuwa bado wana msiba. Ni kama mtu aliyeachana na mkewe anayependwa na ukoo mzima, halafu akawaalika haohao ndugu kula mboga ya mke mpya. Hata iungwe kwa karanga vipi, itaonekana haina chumvi.

Linda ndiye aliyelipa zaidi. Sauti yake ilichekwa, na wenye haki za nyimbo za mumewe walikwenda hadi mahakamani kwa kuwa hawakuamini kwamba anaweza kutunga chochote. Leo ukisikiliza kwa hedifoni utagundua kwamba zile sauti zake za pembeni, zisizo na shule, ndizo zinazoifanya albamu isikike kama watu wanaimba jikoni kwao. Zitoe, na kilichobaki ni fundi mzuri tu anayeonyesha ufundi wake.

Wanunuzi wa kawaida, kwa taarifa yako, hawakuwa na neno. Huko Uingereza albamu ilishika namba moja, na wimbo wa Uncle Albert/Admiral Halsey ukashika namba moja Marekani Septemba 1971. Kwa hiyo unapoambiwa albamu fulani "ilikataliwa", uliza ilikataliwa na nani.

Adhabu yangu sasa. Mara ya kwanza sikusikia kitu. Niseme ukweli, nilisikia fujo: wimbo unaanza kama huu, katikati unageuka mwingine, mwishoni wa tatu. Mara ya pili nilikuwa nachomeleza chaja ya mteja, mikono ina kazi, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo mpaka leo namwambia kila mtu. Albamu ngumu usiikalie mbele ukaikodolea macho kama unasubiri matokeo ya mtihani. Pata kazi ya mikono isiyohitaji maneno. Chambua mchele, piga pasi, osha pikipiki. Sikio likiachwa peke yake linafanya kazi yake vizuri zaidi kuliko likisimamiwa.

Mara ya tatu nikaanza kuona viungo. Kuna kawimbo kadogo ka ukulele kanakopita upande wa kwanza, halafu karibu na mwisho kanarudi tena, kafupi zaidi, kama jirani aliyesahau funguo. Hilo hutalipata ukisikiliza kwa kuchanganya nyimbo, wala kwa kuchukua mbili tatu zinazosifiwa. Mpangilio ni sehemu ya kazi. Mtu aliyekaa akapanga kipi kitangulie na kipi kifuate alikuwa na sababu, mpe heshima hiyo angalau mara moja.

Mara ya tano nilikuwa naimba. Kiingereza changu cha kuungaunga, lakini naimba.

Upande wa pili wa shilingi nao una mtego. Siku hizi Ram imegeuka kipenzi. Ilitolewa upya mwaka 2012 kwa sherehe kubwa, na mwaka 2020 Rolling Stone lilelile likaiweka nafasi ya 450 katika orodha yake ya albamu 500 bora. Sasa vijana wanaambiwa wakiikosoa hawajui muziki. Mimi nakataa. Wimbo wa Long Haired Lady unazunguka mno, ungekatwa dakika mbili hakuna ambaye angelia. Mwalimu hakubaliani nami, tumeshabishana hadi chai ikapoa. Ukishasikiliza mara tano una ruhusa ya kuchukia unachotaka. Ukisikiliza sekunde ishirini huna.

Ile picha ya jalada nilimwonyesha babu yangu kijijini Mvumi, mtu aliyeishi na mifugo maisha yake yote. Aliishika simu mbali na uso, akaitazama muda mrefu. "Huyu kondoo hajamkubali bado," akasema. "Tazama miguu." Sijawahi kusoma uchambuzi wa jalada lile unaofika hapo.

Babu huyohuyo ndiye aliyenifanya nijisute. Aliniuliza kama kibandani kwangu nina nyimbo za Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu, bingwa wa zeze na ilimba, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba. Sikuwa nazo. Baadhi ya albamu zake zilitolewa Uingereza na Real World, lebo ya mwanamuziki wa huko, Peter Gabriel, nami niliyezaliwa saa moja kutoka zilikotoka sauti zile nilikuwa nimeziweka kwenye kundi la "ngoma za wazee za kwenye maonyesho". Miaka minne ya kibanda, hakuna mteja aliyeziomba wala mimi niliyempendekezea. Nimeanza kuzisikiliza kwa kanuni ya Mwalimu. Niko mara ya tatu, na tayari nasikia jinsi sauti zinavyopokezana kwa namna ambayo zamani niliiona kelele.

Uncle Albert, yaani Mjomba Albert, ndio wimbo ninaoupiga mara nyingi nyumbani. Katikati yake wameweka sauti ya mvua na radi, na kwenye spika kubwa inadanganya. Mwishoni mwa Aprili mama alikuwa ameanika mlenda uani, mkeka mzima, wa kukausha kwa ajili ya kiangazi. Mimi niko ndani, nimefungulia. Ghafla nikasikia ndala zinakimbia, mlango wa nyuma unabamizwa, na mama anamwita mdogo wangu wabebe mkeka kabla haujalowa. Nilitoka nikawakuta wamesimama chini ya jua kali, mlenda umemwagika nusu, wanatazama juu.

Akanigeukia. "Zima huyo mjomba wako."