Shingo ndiyo iliyoniumbua

Wiki hii mmeuliza: "Ukishamtoa mtoto mchanga kwenye beseni, unafanya nini ngozi yake ibaki safi na kavu?" Mimi naanzia shingoni, maana ndiko nilikoumbukia.

Mwanangu wa kwanza alikuwa kibonge, shingo haionekani. Nilimwogesha asubuhi na jioni, nikampaka poda hadi akawa kama aliyegaagaa kwenye unga. Hata hivyo alinuka maziwa yaliyochacha, nami nikazilaumu nguo. Siku ya kliniki muuguzi alimlaza chali, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja. Mle mkunjoni poda ilikuwa imekutana na maji na maziwa aliyocheua, ikawa uji mzito, na chini yake ngozi imechubuka, nyekundu, inatoa majimaji. "Mama," akaniambia, "kuosha unajua. Kukausha bado."

Kwa huyu wa pili, taulo naitandika kabla sijagusa maji. Naanza na kichwa, kwa sababu ndiko anakopotezea joto upesi. Halafu nakwenda na kitambaa kidogo cha pamba, chepesi, kinachopenya pale taulo nene lisipofika: nyuma ya masikio, shingoni, kwapani, kwenye kinena, nyuma ya magoti. Naikunjua ngozi kwa vidole viwili, nagusisha kitambaa, naachia. Kusugua hapana, ngozi yake ni nyembamba kuliko yetu na huchubuka upesi. Viganja navyo msivisahau. Mtoto mchanga hushinda amekunja ngumi, na ukimfungua vidole utakuta nyuzi za blanketi zimelowa mle ndani.

Matakoni namwacha wazi dakika mbili tatu, chumba kikiwa na joto, kisha ndipo nepi. (Wa kiume, weka kitambaa karibu. Mtanikumbuka.)

Poda nimeiacha kabisa. Mbali na ule uji, vumbi lake mtoto hulivuta hadi kwenye mapafu. Sehemu ya nepi ikianza kuwa nyekundu napaka krimu ya zinki juu ya ngozi iliyokauka. Wekundu ukiwa mkali, umeingia hadi kwenye mikunjo na una vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni, mara nyingi huo ni fangasi. Hapo zinki peke yake haitoshi, mwoneshe mtaalamu akupe dawa.

Kitovu sikipaki kitu ila nikiwa nimeagizwa kliniki. Nakikausha, nakunja nepi chini yake, nakiacha kipate hewa hadi kianguke chenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili hivi. Kikitoa usaha au harufu mbaya, au ngozi inayokizunguka ikiwa nyekundu na kuvimba, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo lililozua maneno nyumbani ni kwamba sasa simwogeshi kila siku. Mara tatu kwa wiki zinamtosha mtoto asiyetambaa bado. Siku nyingine nafuta uso, shingo na sehemu ya nepi kwa maji ya uvuguvugu, kisha nakausha vilevile. Mama mkwe alinuna. Alinuna zaidi siku ya kuzaliwa, nilipokataa mtoto aoshwe upesi ule utando mweupe aliotoka nao, ingawa Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri saa 24 kabla ya kumwogesha mara ya kwanza. Juzi nimemkuta anamkausha mjukuu wake nyuma ya masikio kwa ncha ya kanga. Sikusema kitu.

Shingo bado ni kazi. Huyu naye hapendi kuinuliwa kidevu, anakibana kifuani kama anaficha kitu. Kwa hiyo namfunika taulo, nakaa naye mapajani kitambaa kikiwa tayari mkononi, nasubiri apige miayo. Akipiga tu, kidevu kinapanda chenyewe, nami napitisha kitambaa.