Anti, jina la Yinuo lina maana gani?

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni msomaji wako niko huku Uyole, Mbeya. Nina mimba ya miezi saba na hospitali wameshatuambia ni mtoto wa kike. Mume wangu anafanya kazi na Wachina kwenye ujenzi wa barabara, bosi wao ana binti anaitwa Yinuo, basi kalipenda hilo jina hadi kalikazania, kila siku Yinuo Yinuo. Mama mkwe hataki hata kulisikia, yeye anataka mtoto aitwe Atupele, jina la marehemu mama yake, anasema hawezi kumwita mjukuu wake jina asilolijua, asije kumbe anamtukana bure. Mi niko katikati tu. Naomba nijue maana yake, je ni la kike kweli, na huko kwao ni jina la watu wa kawaida au ni la matajiri? Ndaga fijo.
Mama Kijacho, Uyole

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Nianze na hofu ya mama mkwe maana ndo nzito: mwambie atulie kabisa, sio tusi, ni jina zuri mno. Yi ni moja, nuo ni ahadi, kwahiyo Yinuo ni ahadi moja, yaani mtu akishatoa neno lake katoa, harudi nyuma. Wachina wana msemo kwamba ahadi moja ina thamani ya dhahabu elfu, na huo msemo haukuja hivihivi, kuna mtu nyuma yake anaitwa Ji Bu. Huyu aliishi kama miaka 2,200 iliyopita, alikua kamanda wa upande ulioshindwa vita, na Liu Bang alipoichukua nchi akaanzisha utawala wa Han mwaka 202 KK alitangaza zawadi ya dhahabu elfu kwa atakayemleta Ji Bu, na atakayemficha ataadhibiwa yeye na ukoo wake. Pamoja na vitisho vyote hivyo watu wakamficha, wakamnyoa nywele, wakamvalisha nguo za shida na kumuuza kwenye kundi la watumwa ili asitambulike, mpaka baadae wakubwa wakamuombea msamaha, mfalme akamsamehe na kumpa cheo. Kwao, sehemu iliyokuwa inaitwa Chu, walikua wanasema bora upate neno moja la Ji Bu kuliko ratili mia za dhahabu. Nikisoma habari za huyu mtu naguswa kwakweli, maana waliohatarisha maisha yao kwa ajili yake walimjua kwa kitu kimoja tu, kwamba akisema amesema.

Sasa kuna kitu mumeo lazima akifuatilie kabla hamjaamua. Kichina hakiandikwi kwa a, e, i, o, u kama sisi, kila silabi ina alama yake, na sauti ileile inaweza kuwa na alama nyingi zenye maana tofauti kabisa. Kwahiyo ukiniandikia Yinuo kwa herufi zetu mi najua sauti tu, maana kamili iko kwenye alama. Nimekupa ile maarufu zaidi, yenye "moja" ambayo ni mstari mmoja tu umelazwa, mtoto hata wa chekechea anaiandika. Lakini kuna Yinuo nyingine inayopendwa pia, nuo ni ileile ya ahadi ila yi yake ni ya kutegemea, kuegemea. Zote nzuri. Mumeo amuombe bosi aandike jina la bintiye kwenye karatasi, lile karatasi mlitunze vizuri, siku mtoto akikua akauliza jina langu linaandikwaje mna cha kumuonesha.

Kuhusu kama ni la matajiri, hapana jamani, hilo lipo kila kona. Wizara ya Usalama wa Umma ya China ndo inatunza daftari la wakazi, na kwenye taarifa zake za 2019 na 2020 Yinuo ndo lilikua jina namba moja kwa watoto wa kike waliosajiliwa nchi nzima, na 2020 ile ya pili ya kutegemea ikashika nafasi ya pili palepale. Mwaka 2021 likapitwa na Ruoxi. Wavulana wachache wanapewa pia ila kwa sehemu kubwa ni la kike. Zamani wasichana wa Kichina walipewa sana majina ya uzuri, kama Fang ambalo ni harufu nzuri, au Xiuying ambalo lina mambo ya maua ndani yake, na mi nafurahi kuona wazazi wa sasa wanampa binti jina la mtu wa kuaminika, maana uzuri tunausifia wenyewe bila hata kuambiwa.

La mama mkwe sasa. Naomba msimpuuze. Huku kwetu mtoto kurithi jina la bibi ni heshima, lakini kwa Wachina ni kinyume kabisa, mtoto kupewa jina la babu au bibi ni kuwakosea adabu wazee, kwahiyo bosi akishangaa kusikia jina la bintiye limewekwa pembeni ya jina la marehemu, mumeo amueleze tu kwamba huku kwetu ni heshima. Atupele maana yake ametupatia, yaani Mungu katupa huyu mtoto, na nuo ni ahadi. Mi ningewashauri mtoto awe Atupele Yinuo, bibi aite lake, baba aite lake. Atupele litangulie, coz mama mkwe anamkumbuka mama yake mzazi na hilo sio jambo dogo.

Halafu kwenye usajili mkaandike Y-i-n-u-o hivyohivyo, msiandike kwa jinsi linavyosikika, maana mkikosea kwenye cheti cha RITA mtahangaika nalo shuleni mpaka NIDA. Kutamka ni silabi mbili, i-nwo, sio yi-nu-o. Na kusajili sio mbali siku hizi, Mbeya ndo mkoa ulioanza 2013 ule utaratibu wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, kwahiyo usisubiri mpaka aanze shule.

SWALI: Anti habari za kazi. Fomeni wetu saiti ni Mchina mtu mzima, kitambulisho chake kimeandikwa Wang Jianguo. Jianguo ndo ukoo? Na tumuiteje, maana tukimuita Jianguo anatuangalia tu.
Kijana wa Makambako

JIBU: Nzuri mwanangu. Ukoo ni Wang, Wachina wanaanza na ukoo halafu ndo jina, na hao akina Wang wako zaidi ya milioni 100. Jianguo ni kujenga taifa, jina lililovuma baada ya Jamhuri ya Watu wa China kutangazwa tarehe 1 Oktoba 1949, kama huku kwetu waliozaliwa wakati wa uhuru walivyoitwa Uhuru. Vita ya Korea ilipoanza 1950 wakaja akina Yuanchao, yaani isaidie Korea, hata Li Yuanchao aliyekuja kuwa makamu wa rais wa China alizaliwa mwaka huohuo. Sasa mtu mzima kama huyo kumuita jina lake tupu ni kama wewe kumuita baba yako mdogo kwa jina bila hata shikamoo. Muiteni Wang shifu, ndivyo wanavyomuita fundi wanayemheshimu.