Barua kwa mwanangu aliyeko Milwaukee

Mwanangu mpenzi,

Sauti uliyonitumia niliisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa peke yangu barazani. Unasema mwenzako wa kazini amekuambia kuwa babu wa babu yake alitoka Ujerumani akashuka melini hana kitu, lugha haijui, akajituma mpaka akawa Mmarekani kamili. Basi, akakuuliza, watu weusi wa mji huo wamekosa nini? Nawe ukaniuliza: "Mama, nimjibuje?"

Usimbishie habari za mateso ya mzee wake, maana ni za kweli. Mwaka 1855 huko Louisville, jimbo la Kentucky, siku ya uchaguzi, Wajerumani na Waairishi walivamiwa, nyumba zikatiwa moto, na watu wasiopungua 20 wakauawa. Mwaka 1859 jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria kwamba mgeni akishapata uraia asubiri miaka 2 ndipo apige kura. Hata Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, mwaka 1751 aliandika kuwa Wajerumani wengi si weupe hasa. Hebu fikiria, Wajerumani!

Lakini sheria haikumfuata Franklin. Ile ya uraia ya 1790 ilimtaja "mtu huru mweupe", na Mjerumani alipofika mbele ya karani aliandikwa humo bila kuulizwa. Huyo mzee alitukanwa njiani, ndiyo, ila mlango aliukuta wazi. Mtu mweusi hakuingia katika sheria hiyo hadi 1870.

Sasa njoo Wisconsin yenyewe, jimbo ulilomo mji wenu, ndipo jibu lako lilipo. Katiba ya jimbo ya 1848 ilimruhusu mgeni mweupe kupiga kura kabla hajawa raia. Akae jimboni mwaka 1, atamke kisheria kwamba anakusudia kuwa raia, basi. Mweusi, hata awe amezaliwa hapo hapo, hakuwa na kura. Mwaka 1849 wapiga kura waliulizwa kama naye apewe, na waliokubali wakazidi waliokataa. Wakubwa wakasema kura hazikutosha, kwa kuwa hazikufika nusu ya wote waliopiga kura siku ile, jambo likawekwa kando.

Mjini kwenu aliishi mtu aitwaye Ezekiel Gillespie, aliyezaliwa utumwani. Mwaka 1865 alikwenda kupiga kura akakataliwa. Uchaguzi huo huo jimbo lilikuwa likiuliza tena kama watu kama yeye wapewe kura, na jibu likawa hapana. Mjerumani ambaye bado si raia aliruhusiwa kulijibu swali lile; Gillespie, ambaye swali lilikuwa lake, hakuruhusiwa. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1866 Mahakama Kuu ya jimbo ikatamka kwamba haki ile ilikuwapo tangu 1849. Miaka 17, mwanangu, watu walikaa na haki iliyokwisha kupitishwa na hakuna aliyewapa.

Yupo Mjerumani mmoja ambaye kila nikimfikiria roho inaniuma. Carl Schurz alikimbia kwao baada ya mapinduzi ya 1848 na 1849 kushindwa, akakaa Watertown, si mbali nanyi. Alipinga utumwa kwa nguvu zake zote. Mwaka 1865, vita vya kaskazini na kusini juu ya utumwa vilipokwisha, Rais Johnson alimtuma majimbo ya kusini, akarudi na ripoti ya watu walioachwa huru wanavyopigwa na kuuawa, akasema bila kura hawatakuwa na kinga. Maneno yale yangeweza kuandikwa na mmoja wao. Lakini mwaka 1871, akiwa seneta, alipinga sheria ya kuipa serikali kuu nguvu ya kulikomesha Ku Klux Klan, kundi la weupe lililowapiga na kuwaua weusi, na mwaka uliofuata akawaongoza waliotaka waasi wa zamani wa kusini wasamehewe. Alikwisha kuona kwa macho yake! Kwake vita vilikuwa vimekwisha, kwa wale bado. Naamini mlango ukishakufungukia ni rahisi kusahau walioko nje, hata kama ulikuwa mtu mwema.

Kwa hiyo usigombane na mwenzako. Msimulie habari za Gillespie, kisha umwulize kwa upole babu wa babu yake alifika Milwaukee mwaka gani. Kama ni kabla ya 1866, hesabuni pamoja ni chaguzi ngapi alizopiga kura.

Baba yako anakusalimu sana. Jikinge na baridi.

Mama yako
Tanga