Dingdong kaondoka, shamba limejaa mabaki: nichome au niuze?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina ekari 4 za paini huku Buchosa, shamba linashuka kuelekea ziwani. Jamaa wa dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao inayohamishwa shamba hadi shamba, kamaliza kupasua, kasepa na mbao, kaniachia matawi, ncha, mabanzi na lundo la vumbi la mbao. Jirani anasema nichome vyote majivu yawe mbolea maana nataka kupanda tena mvua zikianza. Halafu kuna wamama wa mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapotua, wanaobanika samaki wanataka kuni zote, fuso kwa fuso. Nichome au niuze?

JIBU: Marahaba dada. Kuchoma hapana. Kuuza vyote napo hapana. Shida yako unaliona lile lundo kama kitu kimoja wakati mle ndani kuna vitu kama vinne tofauti na kila kimoja kina pa kwenda.

Anza na matawi membamba na yale majani yake. Hayo yaache shambani, tena usimruhusu mtu ayabebe hata akikupa hela, maana kwa uzito ni kidogo lakini ndo yamebeba sehemu kubwa ya chakula cha udongo wako, na udongo wa huko mwingi ni luseni, mchanga mtupu, hauna akiba. Ukichoma, sehemu kubwa ya naitrojeni inapanda na moshi, kinachobaki ni majivu, na kwa shamba la mteremko mvua ya kwanza ya Oktoba inayasomba hadi ziwani, magugu maji yanafaidi wewe unabaki na mchanga. Jirani ana nia njema ila hilo aachane nalo, na kiangazi hiki moto ukikutoroka utamchomea hata yeye.

Yapange matawi kwa mistari inayokata mteremko, yaani mlalo, sio kutoka juu kwenda chini, yakinge maji na udongo. Ukija kupanda mita 3 kwa 3 miche inakaa katikati ya mistari. Mistari isiwe mirefu bila kukatika, acha mapengo, na mpakani lima barabara ya moto, yaani ukanda mtupu usio na majani wa kuzuia moto usivuke. Visiki usihangaike kung'oa, paini haichipui, vitaoza vyenyewe na mizizi yake inakushikia udongo. Ila kama una mikaratusi pembeni, hiyo inachipua, usirundike matawi juu ya visiki vyake, chipukizi zitakosa mwanga.

Ncha zile zilizonyooka, zinazofika kama mita 3, zitenge kwanza kabla mtu hajazigeuza kuni. Zinaenda kwenye uzio na mabanda. Mirunda ya kushikilia zege wajenzi wengi wanataka mkaratusi, sitakudanganya, paini nyembamba inapinda. Mabanzi nayo mazuri yachague, mafundi wanayataka kwa mabanda ya kuku na vibanda vya biashara, na kwa bei ya banzi moja refu huwezi kufananisha na bei ya kuni.

Sasa hao wamama wa mwaloni. Dada, paini usiwauzie ya kubanikia samaki. Ina utomvu, ukiichoma inatoa masizi meusi yanayoganda kwenye samaki, nyama inakuwa chungu, na kwenye moshi wa namna hiyo kuna kemikali zinazohusishwa na kansa. Wa dagaa wanaoanika juani haiwahusu, ila wa sangara na sato wanaijua, fuso ya kwanza watachukua, ya pili watakukimbia. Wao zinawafaa kuni za miti isiyo na utomvu, na zikauke. Paini yako mpelekee mchoma matofali, yeye anataka moto wa mwali mrefu unaoshika haraka, masizi hayamuumi. Shuleni usihesabu sana, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 serikali ilishazitaka ziachane na kuni na mkaa.

Na usiuze mbichi. Mti ukitoka kukatwa karibu nusu ya uzito wake ni maji, ukiukausha hadi maji yabaki kama asilimia 20 kila kilo inakupa moto karibu mara mbili, na gari halibebi tani za maji. Weka magogo mawili chini, panga mabanzi juu yake kwa kupishana upepo upite, funika juu tu, pembeni acha wazi. Kiangazi cha miezi miwili mitatu kinatosha. Kingine, fuso kwa fuso ni bei ya kupigwa kama hujui kilichomo: mabanzi yaliyopangwa vizuri mbao yenyewe ni kama asilimia 60 ya ujazo, matawi yaliyotupwa ovyo hayafiki hata theluthi, nyingine ni hewa. Kwa hiyo panga, pima urefu, upana na kimo, uza kwa mita za ujazo. Kama mteja yuko Mwanza mjini, siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko, hesabu ya usafiri irudie upya.

Vumbi lile la mbao likiwa kavu wafuga kuku watalichukua la kutandikia, likishaota ukungu usiwape, linaua vifaranga kwa ugonjwa wa mapafu. Linalobaki changanya na samadi ya ng'ombe uliache lioze miezi kadhaa. Ukilimwaga bichi kwenye mahindi yatageuka njano, wadudu wa udongo wanaolioza wanakula naitrojeni yote kwanza. Na lundo likiwa karibu na maji lihamishe sasa, kisheria ndani ya mita 60 kutoka ziwani hapafanyiwi shughuli za kudumu wala zinazoweza kuharibu mazingira, na maji yake yanayochuja yanamaliza hewa ya samaki.

Kabla hujapakia chochote pitia ofisi ya kijiji na afisa misitu wa wilaya au TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, upate kibali cha kusafirisha, hata kama miti ni yako, maana kwenye geti la ukaguzi wa mazao ya misitu hawaulizi ulipanda mwaka gani. Halafu mkataba wa dingdong ajaye uandike mabaki ni ya nani na ni nani anaondoa vumbi. Mwingine anakuja na msumeno mnene uliochoka, zaidi ya nusu ya gogo lako inaishia kwenye mabanzi na vumbi, na wewe ndo unabaki kutafuta pa kuyapeleka.