Jibu: Tsotsi au Nairobi Half Life?

Mkuu, umeuliza kati ya filamu mbili, Tsotsi ya Afrika Kusini ya 2005 na Nairobi Half Life ya Kenya ya 2012, ipi kali zaidi, maana zote ni za vijana walioingia ujambazi mjini. Kura yangu naipa Nairobi Half Life, japo Tsotsi ndiyo iliyobeba Oscar.

Tsotsi imetengenezwa kwa ustadi mkubwa, hilo halina ubishi. Presley Chweneyagae, anayecheza kama Tsotsi mwenyewe, anaigiza kwa macho kuliko kwa maneno. Pale anapomlisha yule mtoto mchanga aliyemkuta ndani ya gari aliloiba maziwa ya kopo, halafu baadaye anakuta sisimizi wamemjaa usoni, mwili unakusisimka. Ila hadithi nzima inazunguka toba ya mtu mmoja, mji wenyewe unabaki nyuma tu.

Kwa Tosh Gitonga, mwongozaji wa Nairobi Half Life, Nairobi yenyewe ni mhusika. Mhusika mkuu, Mwas, anauza DVD kijijini huku akiwaigizia wateja vipande vya filamu, na ukimwona unajua kabisa huyu kazaliwa msanii. Anaingia mjini kutafuta jukwaa, anaibiwa siku hiyohiyo, anaishia mahabusu na kusafishishwa choo kichafu cha kutisha. Joseph Wairimu, anayemwigiza Mwas, hapo kaua! Tena Kiswahili na Sheng zinaingia sikioni moja kwa moja, wakati Tsotsi lazima ukimbizane na maandishi chini ya skrini.

Kama una usiku mmoja tu, anza na ya Nairobi. Tsotsi itazame wikendi ukiwa umetulia.