Maswali ya Wasomaji: Vipimo vya Fremu ya Baiskeli ya Safari

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu hapa Kisumu, na kimo changu ni sentimita 158. Wakati wa likizo husafiri kwa baiskeli ya mashindano niliyoinunua ikiwa imeshatumika, nikipitia Ahero na Kericho hadi Nakuru nikiwa na mizigo ya kilo 18 hivi. Visigino vyangu hugonga mifuko ya nyuma, ncha ya kiatu hugusa gurudumu la mbele ninapokata kona polepole, na kwenye miteremko usukani hutetemeka hadi naingiwa na hofu. Sasa nimempata fundi wa Nakuru aliyekubali kunitengenezea fremu ya chuma, ila anataka nimpelekee vipimo kwa maandishi. Nimwandikie nini? – Mwalimu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, kero zako tatu zimekwisha kukuandikia nusu ya barua hiyo.

Tuanze na visigino. Kwenye baiskeli ya mashindano, umbali kutoka ekseli ya pedali hadi ekseli ya gurudumu la nyuma huwa takriban milimita 410, nao umefupishwa makusudi ili baiskeli iwe nyepesi kugeuka. Mwambie fundi akupe milimita 450. Kisigino kitapata nafasi, na mfuko utakaa juu ya ekseli au mbele yake kidogo badala ya kusukumwa nyuma, ambako uzito huifanya mbele ya baiskeli iwe nyepesi unapopanda mlima. Waendesha boda boda wa Busia hawakuhitaji kufundishwa jambo hili: baiskeli kubwa nyeusi tunayoiita Black Mamba ina nyuma ndefu, na ndiyo maana iliweza kumbeba abiria kwenye keria bila kuinua gurudumu la mbele. Kabla ya kukubali kipimo chochote, vaa viatu unavyosafiria, mpelekee fundi keria na mifuko yako, naye apime kwa macho yake.

Kuhusu kiatu kugusa gurudumu, wengi watakushauri urefushe fremu, nami nasema badilisha gurudumu. Kwa kimo chako, gurudumu la 700C, yaani lile kubwa la baiskeli za mashindano, ambalo rimu yake (duara linaloshika tairi) ina kipenyo cha milimita 622, humlazimu fundi ama kuusogeza usukani mbali nawe ama kupinda pembe kwa namna itakayoharibu uendeshaji. Chagua inchi 26, yaani rimu ya milimita 559, ile ya baiskeli za milimani zilizoenea katika masoko yetu. Tairi lake utalipata kwa urahisi kuliko la 700C mara tu unapotoka mjini. Na hapa wasomaji wengine pia wasikie: tairi la inchi 28 la Black Mamba hukaa kwenye rimu ya milimita 635, kwa hiyo haliingii kwenye rimu ya 700C hata likivutwa kwa nguvu za fahali.

Ukishachagua inchi 26, usinakili vipimo vya 700C. Fremu nyingi za safari zenye magurudumu makubwa huwa na ekseli ya pedali iliyoshuka milimita 70 hadi 75 chini ya mstari wa ekseli za magurudumu. Ukiweka kipimo hicho kwenye gurudumu dogo, pedali zitagonga mawe. Milimita 50 zinakutosha. Kwa tairi la upana wa milimita 47, ekseli ya pedali itakuwa kama milimita 275 kutoka ardhini.

Kutetemeka kwa usukani kuna vyanzo kadhaa, na kabla ya kuilaumu fremu hakikisha kwamba beringi za shingo, yaani bomba fupi la mbele ambamo usukani huzungukia, hazijalegea. Hata hivyo, mabomba membamba ya fremu nyepesi yakibeba mzigo wote nyuma hujipinda kama kamba, na usukani hufuata. Omba bomba la juu lenye kipenyo cha milimita 28.6 na la chini lenye milimita 31.8, kisha hamishia kilo sita au saba mbele, kwenye keria inayoning'iniza mifuko karibu na ekseli. Pembe ya shingo na ardhi iwe digrii 71, na mpindo wa foki, yaani umbali ambao uma unaoshika gurudumu la mbele huisogeza ekseli mbele ya mstari wa shingo, uwe milimita 50. Kwa vipimo hivyo, tairi litagusa ardhi kama milimita 60 nyuma ya mahali ambapo mstari wa shingo ungeifikia, na usukani utatulia bila kuwa mzito.

Nafasi ya tairi usiifanyie ubahili. Udongo mweusi wa tambarare za Kano, njiani kwako, ukilowa hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma. Acha nafasi ya tairi la milimita 50 pamoja na madigadi, na bado kidole kipite.

Breki ningechagua za rimu, zile za mikono mirefu inayovutwa kwa waya mmoja, kwa kuwa waya na raba zake hupatikana. Lakini vishikizo vyake huchomelewa kwa kimo cha rimu moja tu, hivyo uamuzi wa inchi 26 utakuwa wa kudumu. Anayetaka kubadilisha ukubwa wa magurudumu baadaye achague breki za diski, akijua kwamba foki itabidi iwe nene zaidi.

Yaliyosalia ni mafupi. Nafasi ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, iwe milimita 135. Matundu ya keria na ya madigadi yatenganishwe. Chupa za maji ziwe na vishikizo vitatu. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Kericho takriban 2,000, kwa hiyo fundi aache nafasi ya kranki yenye gia ndogo ya meno 22, ambayo utaiunganisha na meno 34 ya nyuma. Tena asikupe bomba la juu lililolala sambamba na ardhi. Literemke kuelekea kiti ili uweze kushuka bila shida ukiwa na mzigo.

SWALI: Je, ni kweli kwamba fremu ya chuma yaweza kuchomelewa na fundi yeyote wa kijijini? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kweli nusu. Chuma cha kromoli cha aina ya 4130, yaani kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, hukubali kuchomelewa, lakini mabomba ya fremu nyepesi huwa na unene wa milimita 0.5 hadi 0.6 katikati, na fundi aliyezoea mageti atayatoboa kwa umeme kabla hajatambua. Agiza bomba lenye unene wa milimita 0.9 kote, ukubali gramu za ziada, na fremu ikivunjika mtafute fundi wa gesi anayeunga kwa shaba nyeupe au ya njano, kwa kuwa moto wake ni wa chini.